Watu Wanapoongezeka Kuliko Mabasi: Somo la Usafiri kutoka Kibaoni, Mkoa wa Katavi



Abiria wengi wanapokosa kiti stendi, hulaumu kondakta. Wanapopandishiwa nauli, hulaumu mwenye basi. Barabara inapochimbika kabla masika hayajaisha, hulaumu mkandarasi. Huenda wote hao wana sehemu yao ya lawama, lakini nyuma yao lipo jambo kubwa zaidi ambalo halina sura wala jina: idadi ya watu. Katika somo hili tunaeleza jinsi ongezeko la watu linavyobadilisha mfumo wa usafiri wa mkoa mzima, na hatua ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuchukua ili mabadiliko hayo yasimgharimu fedha, muda au maisha.

Tumechagua mfano wa Kibaoni, katika Mkoa wa Katavi, kwa sababu mkoa huo ndio ulioongoza nchini kwa kasi ya ongezeko la watu kati ya sensa mbili za mwisho. Msomaji wa Geita, Mbeya au Kigoma asidhani kwamba somo hili halimhusu. Yanayoonekana Kibaoni leo yataonekana kwake kesho, kama hayajaonekana tayari.

1. Kibaoni ni wapi, na kwa nini ni mfano mzuri

Kibaoni ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele. Wengi wanaifahamu kuwa ndiko nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Wasafiri wanaifahamu kwa sababu nyingine: ni njia panda. Ukielekea kaskazini unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike, kisha Mpanda. Ukielekea kusini unapanda kuelekea Kizi na hatimaye Sumbawanga. Njia nyingine inateremka katika bonde la Rukwa kuelekea Usevya, Majimoto na Mamba, maeneo yanayojulikana kwa mpunga.

Mahali pa namna hii ni kama shingo ya chupa. Mkulima wa bondeni, mwanafunzi wa sekondari, mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Mpanda na mfanyabiashara anayetoka Sumbawanga, wote hupitia hapo. Kwa hiyo watu wakiongezeka popote pembezoni, msukumo huonekana kwanza njia panda.

2. Hesabu inayoeleza mengi

Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa rasmi kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Maana yake ni kwamba katika miaka 10 mkoa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Kasi hiyo ni wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 3.2.

Ili kuelewa tofauti ya asilimia hizo mbili, tuzitazame kwa miaka. Kwa kasi ya asilimia 3.2, idadi ya watu huchukua takriban miaka 22 kuongezeka maradufu. Kwa kasi ya asilimia 7.1 huchukua takriban miaka 10 tu. Barabara ya lami huhitaji upembuzi, usanifu, fidia, zabuni na ujenzi, na hatua hizo zinaweza kuchukua miaka mingi. Mahali ambapo watu huongezeka maradufu kwa miaka 22, mipango ina nafasi ya kuwafikia. Mahali ambapo huongezeka maradufu kwa miaka 10, barabara inaweza kukamilika ikiwa tayari imepitwa na mahitaji.

Hata hivyo, hesabu ina upande wa pili. Katavi ni mkoa mpana, wenye zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Pamoja na ongezeko lote hilo, wastani wake ni takriban watu 25 kwa kilomita moja ya mraba, ilhali wastani wa Tanzania ni karibu watu 70. Hapa pana fumbo ambalo mtumiaji anapaswa kulielewa: mkoa unaweza kuwa na watu wengi mno kwa mabasi yaliyopo, na papo hapo ukawa na watu wachache mno kwa urefu wa barabara zinazohitajika. Kila kilomita ya barabara ya Katavi inahudumia watu wachache kuliko kilomita ya Kilimanjaro au Mwanza, lakini gharama ya kuijenga na kuitunza haipungui kwa sababu hiyo.

3. Watu hawa wametoka wapi

Ongezeko la asilimia 7.1 haliwezi kuletwa na uzazi peke yake. Sehemu kubwa ni uhamiaji. Kwa miongo kadhaa wakulima na wafugaji kutoka mikoa ya Shinyanga, Tabora, Mwanza na jirani zake wamekuwa wakihamia Katavi kutafuta ardhi ya kilimo na malisho. Machimbo ya dhahabu yamevuta wengine. Aidha, makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyoanzishwa mwaka 1978, yalipokea wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu mkoani Tabora walipewa uraia wa Tanzania, na hivyo wakawa raia wenye haki ya kwenda na kukaa popote nchini.

Jambo hili lina maana katika usafiri. Mhamiaji husafiri kuliko mtu aliyezaliwa na kukulia palepale. Ana wazazi alikotoka, ana misiba na harusi za kuhudhuria, ana mifugo au mazao ya kuuza katika masoko anayoyajua. Familia iliyohama kutoka Shinyanga kwenda bonde la Rukwa haimalizi safari siku inapofika. Inaanzisha safari za kwenda na kurudi kwa miaka mingi. Kwa hiyo watu wakiongezeka mara mbili kwa njia ya uhamiaji, safari zinaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili.

Pia wahamiaji hawakai kandokando ya barabara kuu, kwa kuwa ardhi ya hapo imekwisha kuchukuliwa. Huenda mbali zaidi, kwenye vitongoji vipya ambavyo havina barabara inayopitika mwaka mzima. Hivyo wastani wa umbali kutoka nyumbani hadi kwenye basi la kwanza hurefuka mwaka hadi mwaka.

4. Ongezeko la watu linavyoufikia mfuko wako

Kwanza, viti. Tuchukue mfano wa kufikirika. Njia fulani ilikuwa na mabasi 4 kwa siku, kila moja lina viti 60. Hivyo viti vilikuwa 240, na abiria walikuwa 240. Baada ya miaka 10 abiria wamekuwa 480. Wenye mabasi wameongeza magari 2, na wanajisifu kwamba huduma imekua kwa nusu nzima. Ni kweli imekua, kwani viti sasa ni 360. Lakini abiria 120 hawana pa kukaa. Mmoja katika kila wanne atasimama, atalala stendi, au atatafuta chombo kingine. Huduma inaweza kukua na hali ya abiria ikazidi kuwa mbaya, mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Pili, vyombo vidogo. Pengo la viti 120 halikai wazi. Hujazwa na magari madogo yanayoitwa michomoko, na bodaboda, na wakati mwingine malori ya mizigo yanayopakia watu juu ya magunia. Hatusemi kwamba vyombo vidogo ni vibaya. Bodaboda imefika mahali ambapo basi halitafika kamwe, na Serikali ilitambua jambo hilo ilipotunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Ubaya unaanza pale ambapo gari la abiria 4 linapakia 8, pikipiki inapopakia mishikaki, na lori linapogeuka basi. Hapo abiria analipa nauli ya kupatana, hapewi tiketi, na ajali ikitokea hana karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwemo.

Tatu, uchakavu wa barabara. Watu wengi humaanisha mazao mengi, na mazao mengi humaanisha malori mengi. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haukui sawasawa na uzito, bali hukua kwa kasi kubwa zaidi. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio hayo, ekseli inayobeba tani 12 badala ya 10 huharibu barabara karibu mara mbili, ingawa uzito umeongezeka kwa tano moja tu. Ndiyo sababu sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na ukomo wa kila ekseli. Lumbesa inayoshindiliwa kwenye gunia shambani ni hasara ya mkulima kwa sababu anauza zaidi kwa bei ileile. Ikipakiwa kwenye lori lililokwisha kujaa, inakuwa pia hasara ya abiria wote watakaopita njia hiyo baada yake.

Nne, masika. Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Barabara ya changarawe iliyokuwa ikistahimili magari machache kwa siku hupoteza changarawe yake upesi magari yanapozidi, na mvua humalizia kazi hiyo. Hapo njia hufungwa katika miezi ambayo akiba ya chakula nyumbani ni ndogo na malaria ni nyingi. Kwa mama mjamzito aliyepewa rufaa, saa 3 za kukwama kwenye tope si usumbufu wa safari. Ni suala la uhai wake na wa mtoto.

Tano, njia panda yenyewe. Penye abiria hufuata maduka, migahawa, wauza matunda na maegesho ya bodaboda. Majengo husogea hadi ukingoni mwa barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayenunua kiwanja cha biashara njia panda bila kupima mita hizo hununua hasara, kwa kuwa barabara itakapopanuliwa ataondolewa, na aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya sheria hiyo hana fidia.

5. Upande wa neema

Si haki kueleza ongezeko la watu kana kwamba ni balaa tupu. Usafiri wa umma hauwezi kuishi bila watu. Basi hutumia mafuta yaleyale likiwa na abiria 15 au 60. Tofauti ni idadi ya watu wanaogawana gharama. Ndiyo maana kijiji chenye kaya 50 hupata gari siku ya gulio tu, na kijiji chenye kaya 1,000 hupata gari kila asubuhi. Watu wakifika kiwango fulani, ratiba inakuwa ya kudumu, kampuni ya pili inaingia, na ushindani unaanza kumfaidi abiria.

Historia ya Katavi inathibitisha jambo hili kwa njia ya pekee. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilikamilika takriban mwaka 1950, si kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Mgodi ulikoma, reli ikabaki, na watu waliokuja baadaye ndio waliompa treni kazi mpya. Barabara nazo zimefuata watu. Sehemu za Kanazi–Kizi–Kibaoni na Sitalike–Mpanda ziliwekwa lami, wakati sehemu ya kati inayopita hifadhini iliendelea kuwa ya changarawe kwa muda mrefu. Barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye urefu wa takriban kilomita 340, ilizinduliwa mwaka 2022, na imeiunganisha Mpanda na katikati ya nchi kwa lami.

Funzo ni hili: ongezeko la watu huleta haja na huleta pia uwezo wa kuitimiza haja hiyo. Kati ya mambo hayo mawili kuna kipindi cha kusubiri, na katika kipindi hicho ndipo abiria huumia. Sehemu inayofuata ni mwongozo wa kuvuka kipindi hicho salama.

6. Ufanye nini kama abiria

Ijue nauli kabla ya kuulizwa. Nauli za mabasi ya mikoani hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, kwa kiwango cha kila kilomita. Kwa mfano, katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida kwenye barabara ya lami lilikuwa sh. 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati sh. 67.84. Hivyo safari ya kilomita 100 kwa daraja la kawaida haikutakiwa kuzidi sh. 4,847. Viwango hubadilika, na barabara ya vumbi ina kiwango chake. Kwa hiyo soma tangazo la karibuni katika stendi au ofisi ya LATRA ya mkoa. Zingatia kwamba kiwango hicho ni ukomo wa juu. Mwenye basi anaruhusiwa kutoza chini yake, lakini haruhusiwi kutoza juu yake, hata wakati wa sikukuu, hata kama stendi imejaa watu. Wingi wa abiria si sababu halali ya kupandisha nauli.

Dai tiketi. Nunua tiketi kwa wakala anayetambulika au kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa mpiga debe. Hakikisha imeandikwa jina lako, tarehe, mahali pa kupandia na kushukia, nauli uliyolipa na namba ya gari. Ukilipa sh. 20,000 na tiketi ikaandikwa sh. 15,000, usiipokee. Tiketi ndiyo mkataba wako. Ndiyo itakayokuwezesha kurudishiwa fedha gari likiharibika njiani na kukosekana chombo mbadala, na ndiyo itakayokusaidia katika madai ya bima ikitokea ajali.

Kataa kukatishiwa safari. Gari lenye leseni ya kufika Majimoto halina ruhusa ya kuwashusha abiria Kibaoni kwa sababu tu abiria waliobaki ni wachache na stendi ina abiria wengi wa kurudi nao. Tabia hii huongezeka watu wanapoongezeka, kwa kuwa faida ya kugeuza njiani huwa kubwa. Ukishushwa, dai nauli ya sehemu iliyobaki palepale, na andika namba ya gari.

Usalama uwe mbele ya haraka. Mwendo wa juu wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na katika makazi ni kilomita 50 kwa saa. Ndani ya Hifadhi ya Katavi fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao, kwani tembo na nyati huvuka barabara bila taarifa. Abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na wakisema kumi sauti husikika kuliko akisema mmoja. Kwenye bodaboda abiria ni mmoja tu, kofia ngumu ni mbili, na nauli hupatanwa kabla ya kupanda. Usipande juu ya lori la mizigo, hata ukipewa nafasi bure.

Mizigo iwe na stakabadhi. Unaposafirisha gunia la mpunga au kifurushi, pima, andika kilichomo, na uchukue stakabadhi yenye jina la mpokeaji. Panga na jirani zako kukodi gari moja kwa pamoja badala ya kila mmoja kutafuta nafasi yake. Wakulima 8 wenye magunia 10 kila mmoja wana magunia 80. Wakienda kwa mwenye lori kwa pamoja wanaweza kupatana bei, lakini mmoja mmoja watapokea bei watakayotajiwa.

Panga safari za lazima kabla ya masika. Familia yenye mjamzito anayetarajia kujifungua katika miezi ya mvua, au mgonjwa anayehudhuria kliniki Mpanda, ijue mapema ni gari gani litapatikana usiku, ni njia gani hufurika, na ni ndugu gani anaweza kumpokea mgonjwa karibu na hospitali siku chache kabla.

7. Malalamiko: hatua kwa hatua

Lalamiko lisiloandikwa huishia stendi. Fuata hatua hizi:

(a) Andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari na kilichotokea. Hifadhi tiketi.
(b) Peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na umpe muda wa kujibu.
(c) Usiporidhika, peleka kwa ofisi ya LATRA ya mkoa, ana kwa ana, kwa barua au kwa simu ya bure.
(d) Unaweza kuomba ushauri wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya abiria.
(e) Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka ana haki ya kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Kosa la usalama, kama mwendo kasi, dereva mlevi au kuzidisha abiria, halisubiri hatua hizo. Toa taarifa polisi wa usalama barabarani wakati uleule.

8. Zungumza kabla ya barabara kuchorwa

Mtumiaji mwenye busara hasubiri huduma ije mbovu ndipo alalamike. Hushiriki katika kuipanga. Ili ushiriki vizuri, ujue nani anahusika na nini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ombi la kivuko cha kitongoji likipelekwa TANROADS litazunguka miezi mingi bila kufika.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kupeleka takwimu, si manung'uniko tu. Kijiji kinachosema "barabara yetu mbaya" husikilizwa kama vijiji vingine vyote. Kijiji kinachosema "kaya zetu zilikuwa 300 na sasa ni 700, mwaka jana njia ilifungwa siku 40, wanafunzi 90 huvuka mto huu kila siku" kimempa diwani silaha ya kwenda nayo kwenye kikao cha bajeti. Vilevile, kabla ya nauli kubadilishwa, mamlaka hukusanya maoni ya wadau. Wasafirishaji huenda na mahesabu ya mafuta na vipuri. Abiria nao waende na mahesabu yao: wanasafiri mara ngapi, wanasubiri saa ngapi, wangapi husimama.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu makazi mapya. Kijiji kinapogawa ardhi kwa wageni, kitenge njia kwanza na viwanja baadaye. Kutenga upana wa barabara kwenye pori hakugharimu chochote leo. Kuitafuta nafasi hiyo baada ya miaka 10, kati ya nyumba, makaburi na miembe, kutagharimu fidia, kesi na uhasama wa majirani.

9. Muhtasari

Ongezeko la watu hupunguza viti, huchosha barabara, huvuta vyombo visivyo rasmi na husogeza majengo barabarani. Pia huwezesha ratiba za kudumu, ushindani na barabara mpya. Mabadiliko mazuri huchelewa na mabaya huwahi. Katika pengo hilo, kinga ya abiria ni kujua nauli, kudai tiketi, kukataa hatari, kuandika malalamiko na kushiriki katika mipango ya mahali anapoishi.

Maswali ya kujipima

1. Kijiji chako kina kaya ngapi leo, na kilikuwa na ngapi miaka 10 iliyopita? Magari yanayokihudumia yameongezeka kwa kiasi hichohicho?
2. Nauli halali ya njia unayoitumia mara nyingi ni kiasi gani kwa tangazo la karibuni la LATRA?
3. Barabara inayopita karibu nawe iko chini ya TANROADS au TARURA?
4. Ikitokea dharura ya uzazi usiku wa masika, nani atapigiwa simu kwanza, na gari litapita wapi?
5. Katika mkutano ujao wa kijiji, utapeleka takwimu ipi moja kuhusu usafiri?

Tunashauri maswali haya yajibiwe kwa pamoja, nyumbani au kwenye kikundi, na majibu yaandikwe kwenye daftari. Jibu la swali la nne lipatikane kabla mvua za Novemba hazijaanza.